Koti la Mkunga

Koti la zamani lilikufa mwezi wa Novemba
kwenye barabara ya Holwerd, upepo ukinijia usoni.
Mshono wa bega ulifumuka kimya kimya,
maji yakaingia shingoni, yakateremka mgongo mzima
kama mgeni aijuaye njia ya jikoni.

Nilifika kwa mzazi nimelowa chapachapa.
Yeye anagumia kwa uchungu, mimi natetemeka meno;
mumewe akatutazama sote wawili
asijue blanketi ampe nani.

Kwa hiyo Jumamosi nipo Dokkum, dukani,
na kijana Sietse ananipangia makoti juu ya kaunta
akiyasifu kama mposaji anayesifia ukoo wake.
"Hili halipitishi tone," asema. "Hata moja."
Na jasho je, namuuliza, litatokea wapi?
Maana nimeshalivaa la namna hiyo,
nikapanda tuta la bahari kwa pupa,
nikafika nimeiva ndani kwa ndani
kama kiazi katika ganda lake.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo
sharti uyaoge.
Mimi nayavalia nguo
na bado nayaoga.

La pili lina zipu za kwapani.
Nazifungua, nazifunga, nazifungua tena;
Sietse anatazama pembeni.
La tatu lina kofia pana, ya kufunika hadi nyusi,
lakini nikigeuza shingo kutazama lori nyuma
kofia inabaki ikitazama mbele
nami naona bitana tu.

Naomba kiti. Nakikalia kinyume,
nainama, nanyoosha mikono kama nimeshika usukani.
Wateja wawili wanakohoa.
Mikono ya koti inakimbilia viwiko,
nyuma, kiuno chote kipo hadharani.
"Ukisimama linakutosha," asema Sietse.
Mwanangu, nikisimama sihitaji koti, nahitaji mlango.
Mvua hunikuta nimeinama,
kilomita kumi na moja, saa tisa usiku.

Rangi? Nyeusi inapendeza.
Nyeusi ndiyo aliyovaa Hylkje, mwenzangu,
usiku ule wa lori la maziwa.
Amepona. Baridi ikizidi anachechemea.
Niletee la njano, lenye mistari ya kumeremeta,
nionekane kama kosa la tahajia
katikati ya ukurasa.

Nalivaa. Mgongoni ni refu, linafunika hadi makalio.
Nafumba macho, natikisa mabega.
Kijana anauliza nasikiliza nini.
Nasikiliza kelele zake.
Kuna makoti yanachakarika kama mfuko wa bisi,
na mimi huingia nyumba ambazo
kaka mtu amelala chumba cha pili
na mama yuko kati ya pumzi na pumzi.
Hili linanong'ona tu.

Yuro mia moja themanini na tano.
Nikasema ni ghali mno.
Nikalipa.

Jumanne usiku simu ikalia: Jelmer, sauti imempanda,
maneno yote amesahau isipokuwa "njoo".
Mvua ilikuwa ya mlazo, ile isiyoanguka
bali inayokutafuta.
Nilifungua kwapa nilipofika tuta,
nikazifunga kwenye mteremko,
nikamsamehe Sietse nusu ya bei.

Kwa Fardau niliingia kifua kikavu, mgongo mkavu,
mikono ina joto la kutosha
kugusa tumbo bila kuomba radhi.
Magoti? Maji matupu. Viatu usiulize.
Hakuna koti la magoti, au lipo
na Sietse ananitunzia Jumamosi nyingine.

Jelmer alilitundika ukumbini,
likadondosha tone, tone, juu ya gazeti la jana.
Kulipopambazuka akatoka msichana
amelowa kuliko mimi,
hana koti lolote,
na jambo la kwanza alilolifanya duniani
ni kulalamika.